Tilda juu ya mũkũyũ: shajara ya kuchapa majina ya miti kwa groff

Jumamosi. Nilichokipokea

Kazi ni kijitabu cha majina ya miti ya asili, kitumike kwenye vitalu vya miche na shule za msingi. Kila mti una jina la Kiswahili, jina la Gĩkũyũ, jina la Kikamba pale lilipo, jina la kisayansi, kisha aya fupi ya maelezo. Maandishi yalianzishwa zamani na mwalimu ambaye sasa amestaafu, na aliyaandika kwa troff, programu ya zamani ya kupanga maandishi kwa ajili ya kuchapa: mafaili ya maandishi matupu, kila amri ikianza na nukta mwanzoni mwa mstari, na jedwali zikipangwa na tbl, programu-dada yake ya majedwali.

Nimeamua kubaki humo humo. Faili la maandishi matupu linatumwa kwa simu, linafunguka kwenye kompyuta yoyote, na mtu akibadilisha neno moja naliona neno hilo hilo. Jedwali za tbl ni nzuri na tayari zimepangwa. Kompyuta ya kikundi ni ya zamani, ila groff, toleo la troff linalotumika leo, inakwenda juu yake bila shida. Kuhamisha yote kwenye programu ya kisasa kungemaanisha kupanga kila jedwali upya, na jedwali ndizo kijitabu chenyewe.

Tatizo liko kwenye herufi. Gĩkũyũ ina irabu saba: a, e, i, ĩ, o, u, ũ. Kikamba nacho kina ĩ na ũ. Ile tilda juu ya herufi si pambo. Ni irabu nyingine. *Guka* ni babu, *gũka* ni kuja. Watu wengi wamezoea kuiacha wanapoandikiana kwa simu, na msomaji mzima hujua kilichokusudiwa. Mtoto wa darasa la tatu anayekutana na jina la mti kwa mara ya kwanza kwenye karatasi hana njia ya kujua. Ndiyo maana sitaki kijitabu kitoke bila hizo alama, hata moja.

Jumamosi, usiku. Kilichomo ndani ya mafaili

Mwalimu aliandika hivi:

    m\o'u~'k\o'u~'y\o'u~'

Hiyo ni mũkũyũ. Amri ya `\o` huchapa herufi juu ya nyingine, vitovu vyao vikilingana. Kwa troff ya zamani hiyo ndiyo ilikuwa njia, na nimemheshimu zaidi baada ya kuona kurasa na kurasa alizoziandika kwa mkono namna hiyo bila kuruka irabu.

Nimesoma kidogo asili ya chombo ili nielewe kwa nini ilikuwa hivyo. Troff iliandikwa na Joe Ossanna katika maabara ya Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa ajili ya mashine moja ya kupanga chapa kwa mwanga iliyoitwa CAT, ya kampuni ya Graphic Systems. Mashine ile ilibeba fonti nne kwa wakati mmoja, kila moja ikiwa na maumbo 102. Basi. Ndani ya maumbo hayo ilibidi ziingie herufi kubwa na ndogo, tarakimu, alama za uandishi, alfabeti ya Kigiriki na alama za hesabu. Kile kisichoingia kwenye kibodi kilipewa jina la herufi mbili, kama `\(em` kwa kistari kirefu na `\(bu` kwa kitone cha orodha. Ossanna alifariki mwaka 1977, Brian Kernighan akaiandika upya programu ili isifungwe na mashine moja tu, na mwaka 1990 James Clark akatoa groff, ambayo ndiyo iliyo kwenye kompyuta nyingi leo. Majina ya herufi mbili bado yapo, na ndiyo mlango ninaopitia.

Jumapili. Kuandika herufi yenyewe

Sitaki wachangiaji wapya waandike `\o'u~'`. Simu zao zina ũ na ĩ, kibodi zao zina ũ na ĩ. Waandike ũ na ĩ. Nimegeuza mafaili yote kwa amri moja ya kutafuta na kubadilisha, sasa yanasomeka kama maandishi ya kawaida.

Kuyachapa moja kwa moja kunatoa hiki:

    mÅ©kÅ©yÅ©

Sababu ni kwamba groff husoma baiti moja kama herufi moja, kwa mpangilio wa Latin-1, ule wa zamani wa herufi za Ulaya Magharibi. Katika UTF-8, mpangilio ambao simu na kompyuta za leo hutumia, ũ ni baiti mbili, C5 na A9. Latin-1 inazisoma kama Å na ©. Ĩ ndogo ni C4 na A9, kwa hiyo inatoka kama Ä©. Ukiona hizo alama mbili mbili kwenye karatasi, usihangaike na fonti. Tatizo liko mlangoni, kabla maandishi hayajafika kwenye fonti.

Dawa ni preconv, iliyoingia groff tangu toleo la 1.20 la mwaka 2009. Inasoma UTF-8 na kuandika kila herufi ngeni kwa jina lake la Yunikodi, orodha ya namba za herufi za lugha za dunia: ũ inakuwa `\[u0169]`, ĩ inakuwa `\[u0129]`. Inaitwa kwa kuongeza `-k`:

    groff -k -t -ms -Tutf8 miti.ms

Kwenye skrini, kila kitu kimekaa sawa. Mũgumo, mũhũtĩ, mũkindũri, Kĩrĩnyaga.

Jumapili, jioni. Herufi zinazotoweka

Nimebadilisha `-Tutf8` kuwa `-Tps`, yaani PostScript, lugha ya mashine za kuchapa, ili nipate kitu cha kupeleka kwa mpiga chapa. Kwenye karatasi, mũkũyũ imekuwa *mky*. Mũhũtĩ imekuwa *mht*.

Hapa ndipo nataka kukaa, kwa sababu ndipo penye hatari. Groff ikikosa umbo la herufi hainyamazi kabisa, inatoa onyo kwenye skrini, lakini kwenye karatasi hairuki nafasi wala haiweki kisanduku. Inaifuta herufi na kuzikutanisha zilizobaki. *Mht* inajulikana mara moja kuwa imeharibika. Lakini tazama mũtarakwa, ule mwerezi wa milimani, *Juniperus procera*. Ikipoteza ũ inabaki *mtarakwa*, na hilo ni jina lake kwa Kiswahili. Mũringa inabaki *mringa*, na msomaji wa Kiswahili hatashtuka hata kidogo. Lugha zetu ni ndugu, na kiambishi mũ- cha Gĩkũyũ kikipoteza irabu yake kinafanana na m- yetu. Msahihishaji mzuri kabisa anaweza kupita juu ya makosa hayo, safu nzima, akiamini anasoma Kiswahili kilichoingia safu isiyo yake.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mradi: onyo lolote la groff linasimamisha kazi. Nimeandika hati ndogo ya amri inayokusanya maonyo, na ikiyapata inakataa kutoa faili la kuchapa.

Onyo lenyewe linachanganya. Faili lina ũ, preconv imeandika `u0169`, lakini groff inalalamika kwamba haikuipata `u0075_0303`. Mtu atatafuta hiyo namba kwenye faili lake lote na asiione. Maana yake ni hii: groff huitenganisha kila herufi yenye alama iwe herufi ya msingi na alama yake. 0075 ni u, 0303 ni tilda inayokaa juu. Ĩ inakuwa `u0069_0303`. Herufi ni ile ile. Ni jina tu limefunguliwa. Ukishajua hivyo, onyo linasomeka vizuri.

Kwa nini skrini inayo na karatasi haina? Terminali inapokea Yunikodi yoyote na kuiachia mfumo wa kompyuta uichore. PostScript inategemea fonti, na fonti za msingi za PostScript, Times na wenzake, zina ã, õ na ñ za Kireno na Kihispania, lakini hazina ĩ wala ũ. Tilda yenyewe wanayo, wanazo i na u, ila hakuna aliyeziunganisha. Katika familia ya Latin ya viwango vya ISO, ĩ na ũ zimo kwenye Latin-4, na hazikuwekwa kwa ajili yetu: ziliwekwa kwa ajili ya Kigreenland kilivyokuwa kikiandikwa zamani. Nilifurahi kujua hilo. Mamilioni ya watu kuanzia Kĩambu hadi Kitui wanatumia herufi zilizopata nafasi yake kwanza kwa sababu ya watu wa barafuni.

Jumanne. Kuziunda kwa vipande

Fonti ina tilda, ina u. Basi nairudia mbinu ya mwalimu, ila mara moja tu, juu ya faili, badala ya ndani ya kila neno:

    .fchar \[u0075_0303] \o'u\[a~]'
    .fchar \[u0069_0303] \o'\[.i]\[a~]'

Amri ya `.fchar` inasema: herufi hii ikikosekana kwenye fonti, ichore hivi. Ipo pia `.char`, lakini hiyo inalazimisha mchoro wako hata pale fonti ina umbo lake zuri. Kwa kazi hii `.fchar` ndiyo inayofaa, kwa sababu fonti bora ikija, mchoro wangu unajiondoa wenyewe.

Angalia mstari wa pili. Sikutumia i ya kawaida. I ina kitone, na tilda ikikaa juu ya kitone zinagongana na kuwa doa. `\[.i]` ni i isiyo na kitone, imo kwenye fonti za PostScript kwa ajili ya kazi kama hii. Katika kurasa za zamani za mwalimu doa hilo linaonekana kwenye kila ĩ, na sasa limeondoka.

Herufi kubwa ni kazi nyingine. Tilda ya fonti imechorwa kukaa juu ya herufi ndogo. Ukiiweka juu ya U inaangukia ndani ya mikono yake miwili, na juu ya I inakata kichwa. Inabidi inyanyuliwe:

    .fchar \[u0055_0303] \Z'\h'\w'U'u-\w'\[a~]'u/2u'\v'-.2m'\[a~]'U
    .fchar \[u0049_0303] \Z'\h'\w'I'u-\w'\[a~]'u/2u'\v'-.2m'\[a~]'I

`\Z` inachora kilicho ndani yake kisha inarudi pale ilipoanzia, juu na chini, kushoto na kulia. `\w` inapima upana. Hesabu ya katikati inaonekana kama ina kosa, kwa sababu shuleni tulifundishwa kugawanya kabla ya kutoa. Troff haina mpangilio huo. Inakwenda kutoka kushoto hadi kulia tu, inatoa kwanza, kisha inagawanya kwa mbili. Ndicho tunachokitaka hapa. Herufi ikiwa nyembamba kuliko tilda, jibu linakuwa hasi, na tilda inasogezwa kushoto kidogo, sawasawa.

Neno la majaribio ninalolitumia kila mara ni Mũrang'a. Lina ũ, lina ritifaa ya ng', na ni jina ambalo wasomaji wetu watalitambua likikosewa. Limetoka vizuri.

Jumatano. Ritifaa

Kiswahili hakihitaji alama juu ya herufi, lakini kina ng'. Ng'ombe, ng'ambo, king'ang'anizi. Groff inageuza `'` ya kibodi kuwa ritifaa iliyopinda, ’, na kwa chapa hiyo ndiyo nzuri. Mtu akihitaji ile iliyonyooka, kwa mfano ndani ya mfano wa amri, anaandika `\[aq]`.

Shida inatokea mahali pengine. Katika troff, mstari unaoanza na `'` ni amri, sawa na ule unaoanza na nukta. Aya moja ya maelezo ilikuwa na maana za majina ndani ya alama moja moja za kunukuu, na mstari mmoja ulianza hivi:

    'Mti wa sala' ndiyo maana waliyotupa wazee

Groff iliuona kama amri iitwayo Mti, haikuijua, ikautupa mstari mzima. Bila `-ww`, swichi ya kuwasha maonyo yote, haitoi hata onyo. Ukiiongeza, inasema amri Mti haijafafanuliwa, na hapo unaelewa. Nimeweka `\&` mbele ya mistari ya namna hiyo; ni herufi isiyo na upana, kazi yake ni kuufanya mstari usianze na alama ya amri. `-ww` sasa imo kwenye hati yangu ya amri moja kwa moja.

Jambo la kuangalia ni maandishi yanayotoka kwenye programu nyingine za kuandika. Huko ritifaa huwa imeshageuzwa kuwa ’ ya Yunikodi, na groff inaipokea bila tatizo. Lakini baadhi ya kibodi za simu hutoa ʼ, U+02BC, ambayo kwa jicho huwezi kuitofautisha. Hiyo haimo kwenye fonti, na *ng'ombe* inakuwa *ngombe*. Nimeibadilisha yote kuwa `'` ya kawaida kabla ya kuchapa.

Alhamisi. Kukata maneno

Hili si la herufi maalumu moja kwa moja, ila limejitokeza njiani. Groff inakata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza, na inakata Kiswahili vibaya, inaacha konsonanti ikining'inia mwishoni mwa mstari kabla ya kistari. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida inaishia kwa irabu. Groff inakubali faili la kanuni zako kwa muundo ule ule wa TeX, kwa hiyo faili langu lina maneno machache mno:

    a1 e1 i1 o1 u1

Yaani: unaweza kukata baada ya irabu. Linaitwa kwa `.hla sw` na `.hpf`. Kwa maneno ya Gĩkũyũ na Kikamba sikatizi kabisa, `\%` mbele ya neno inatosha. Jina la mti lisikatwe.

Jumamosi. PDF isiyotafutika

Nilidhani herufi zimekwisha. Karatasi ni safi. Lakini kijitabu kitasomwa pia kwenye simu, na mwalimu wa shule moja ameniuliza kama anaweza kuandika jina la mti na kuupata ukurasa wake.

Hawezi. Ukinakili *mũgumo* kutoka kwenye PDF unapata m, u, tilda iliyosimama peke yake, kisha zilizobaki. Kwa jicho ni herufi moja, kwa PDF ni mbili zilizowekwa mahali pamoja. Kutafuta hakufanyi kazi, na programu inayomsomea kwa sauti mtu asiyeona itamsomea vipande. Kuchora kwa vipande kunafaa karatasi peke yake, na sisi tunahitaji vyote viwili.

Kwa hiyo nahitaji fonti yenye ĩ na ũ halisi. Nimechagua Gentium ya SIL, shirika linaloshughulikia lugha: inaruhusiwa kutumika na kusambazwa bure chini ya leseni huria ya fonti, na ilichorwa tangu mwanzo ikikusudia lugha zenye alama nyingi kama zetu. Tilda yake imekaa vizuri kuliko mchoro wangu, imepimwa kwa kila herufi, kubwa na ndogo.

Jumapili. Kuifundisha groff fonti mpya

Groff kwenye PostScript inataka fonti ya aina ya Type 1, muundo wa zamani wa fonti za PostScript, na faili la vipimo vyake. Njia niliyopita: fontforge, programu ya kuhariri fonti, inafungua Gentium na kuitoa kama Type 1 pamoja na faili la AFM, ndilo la vipimo, pfbtops, inayokuja na groff, inaigeuza fonti iwe maandishi, kisha afmtodit inasoma AFM na kutengeneza faili la maelezo ambalo groff inalielewa.

Uzuri uko kwenye hatua ya mwisho. Ndani ya AFM maumbo yana majina: `utilde`, `itilde`, `Utilde`, `Itilde`. Afmtodit inayajua majina hayo na kuyaandika kama `u0075_0303`, `u0069_0303` na kadhalika, yaani yale yale groff inayoyatafuta. Sikulazimika kuunganisha chochote kwa mkono. Na kwa kuwa jina `utilde` linabaki ndani ya PDF, kisomaji cha PDF nacho kinajua kwamba umbo hilo ni ũ. Nimenakili *mũgumo* na kupata mũgumo. Nimetafuta *mũkau*, ule mti wa Ukambani, *Melia volkensii*, unaopendwa kwa mbao zisizoliwa na mchwa, na umepatikana kwenye ukurasa wake.

Kilichobaki ni kuweka mstari wa fonti kwenye faili liitwalo `download`, ili grops, sehemu ya groff inayotoa PostScript, ijue iipachike ndani ya faili la kuchapa. Bila hivyo mashine ya mpiga chapa itaweka fonti nyingine badala yake, na tilda zitapotea tena huko huko dukani, ambako sipo kuona maonyo.

Mistari ya `.fchar` nimeiacha juu ya faili. Mtu akichapa kwenye kompyuta isiyo na Gentium, atapata tilda zilizochorwa badala ya *mky*.

Jumatatu. Hali ilivyo

Kurasa za Gĩkũyũ zimechapwa zote, hakuna onyo hata moja, na mwalimu mstaafu amepelekewa nakala ya karatasi. Alianza kusoma kwa kidole, safu kwa safu, akasimama kwenye mũhũtĩ na kusema hiyo ĩ ya mwisho sasa inaonekana.

Vichwa vya sura bado vinatumia fonti nzito ya Times, kwa hiyo KĨRĨNYAGA kwenye kichwa ni ya vipande na PDF haiipati. Fonti nzito ya Gentium inafuata njia ile ile; naigeuza wiki hii. Safu ya Kikamba inakwenda Machakos kusomwa na watu wanaokiongea nyumbani, kwa sababu majina kadhaa yaliingia zamani bila tilda, na groff haiwezi kuniambia ni ipi inakosekana pale ambapo haikuandikwa tangu awali. Nimewaomba waweke alama kwa kalamu juu ya karatasi yenyewe, kisha nitaziingiza.